Orville Stensrud na Neno "Lazima"

Marehemu Orville Stensrud alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Bitter Fork, mtoto wa pili wa wakulima wa ngano, Mzee Halvor na Mama Signe, nami ninayesoma ni mdogo wake, Verna. Alisoma hapahapa hadi mwaka 1969, akatumikia Jeshi la Marekani, kisha Oktoba 1974 akaajiriwa katika mtambo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe, akachunga tanuri hadi alipostaafu mwaka 2013. Wengi wenu mlipokezana naye zamu, na mnajua kwamba pale hakuna anayeondoka mpaka anayeingia atamke, "Nimepokea."

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Karen Lindquist katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Joel na Marit, naye Karen akatangulia mwaka 2017.

Novemba 2018 mlimchagua awe mbunge katika bunge la jimbo letu, akaingia kamati inayopitia sera ya nishati, kazi iliyomchosha kuliko tanuri. Mtambo utafungwa, na bomba linalotuletea maji ya kunywa kutoka mtoni ni mali ya mtambo, kwa hiyo aliandika sentensi moja, kwamba mwenye mtambo lazima aendelee kutuletea maji hata akishaufunga. Vikao vikafuatana, wataalamu wakaja na kuondoka, rasimu ikaandikwa upya, na mwaka juzi "lazima" ikafutwa, ikawekwa "anahimizwa". Orville akawauliza wenzake, "Jamani, mkifungua bomba, ndoo itajaa himizo?" wakacheka, wakapiga kura, akashindwa.

Septemba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akaendelea kwenda vikaoni akikokota mtungi wa oksijeni, hadi alipolazwa Januari. Mwenyekiti wa kamati, Seneta Dale Kirchmeier, alimtembelea wodini, akamwambia, "Mzee, wewe pumzika, hilo neno nitalitafakari," naye akajibu, "Dale, kutafakari ni kulekule kuhimiza, ila kumevaa tai." Seneta alicheka, kisha akakaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Orville alifariki tarehe 4 Februari 2024, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioondoa theluji mlangoni na kuleta viazi vya kuoka ambavyo bado hatujavimaliza, wafanyakazi wa mtambo waliobeba jeneza, na wabunge wenzake, pamoja na waliompinga, waliosafiri katika baridi hii.

Asubuhi ya leo Seneta Kirchmeier aliniuliza watu wa mtambo husema neno gani wakipokea zamu, nikamwambia, akaenda mbele ya jeneza akalitamka kwa sauti ya chini. Nimelisikia, na waliokuwa karibu wamelisikia. Kura ya mwisho ya bunge zima juu ya sera hiyo ni Jumanne, na tutakuwepo.

Orville, zamu yako imepokelewa, sasa waweza kuondoka, ukapumzike kwa amani.