Mshika Kamba wa Chumba Namba Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu tunayemwita Mzee Miwani anarudisha funguo za chumba namba tatu baada ya kuutumikia utafiti wa mbwa kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika orodha ya watumishi cheo chake ni Msaidizi wa Maabara. Kazi yake halisi ni kushika kamba. Mbwa anapoingia kwenye majaribio, lazima awepo mtu wa kumzuia mpaka ishara itolewe, kisha amwachie achague. Watu wa nje huiona ni kazi ya kusimama tu. Sisi wa ndani tunajua kwamba karibu kila jambo la kuaminika lililotoka katika kituo hiki limepita kwenye kiganja chake.

Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi, daktari wa mifugo wa kituo, kwa sababu nimefanya naye kazi miaka kumi na minane, na kwa sababu, kama mkuu wetu alivyosema mbele ya watu, hakuna aliyekaripiwa na Mzee Miwani mara nyingi kama mimi. Sikatai.

Wengi wenu mmenisimamisha kwenye korido wiki hizi kuuliza swali moja, na halihusu hotuba wala keki. Mnauliza habari za Kisigino. Huyu ni mbwa jike wa miaka kumi na mitatu, wa mwisho aliyebaki kati ya watoto thelathini na wawili waliozaliwa hapa na kufuatiliwa tangu wakinyonya hadi uzeeni. Tangu akiwa na miezi miwili amekuwa akitembea nyuma ya kisigino cha Mzee Miwani, na jina alilipata hapo. Kanuni za utafiti zinasema mbwa wa kundi lile anaishi hapa kituoni mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo mzee anaondoka na mbwa anabaki. Nitalirudia hilo, maana ndilo lililotukosesha raha sote, lakini kwanza tusimulie habari za mzee mwenyewe.

Alianza kwa kufagia mabanda. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anawatambua mbwa wote kwa chafya zao, akahamishiwa kwenye majaribio kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kusimama saa nzima bila kujikuna. Mkuu wa kituo wa wakati huo alitaka kujua kama mbwa anaweza kutofautisha wingi. Waliweka mabakuli mawili yaliyofunikwa, kila moja likiwa na kadi ya nukta mbele yake, na nyama ikafichwa kwenye lile lenye nukta nyingi. Mbwa aligeuza kichwa, akamtazama mshika kamba, akaachiwa, akaenda kuchagua. Alipatia mara tisa katika kumi. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Ripoti ikaandikwa, ikapangiwa kusomwa kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu, na mkuu akashonesha suti.

Wiki mbili kabla ya mkutano mshika kamba akaugua macho. Yalikuwa mekundu na yakichuruzika, na hospitali walimwambia asikae kwenye mwanga bila miwani nyeusi. Hakutaka kukosa kazi, akaja nayo. Siku hiyo mbwa walipatia mara tano katika kumi, yaani sawa na kurusha sarafu. Wenzake walisema mbwa wamechoka, wengine wakalaumu joto. Kesho yake tano tena. Siku ya tatu akamwomba mwenzake anayeficha nyama wabaki saa ya chakula, wakarudia kila kitu. Alipovua miwani, wakapata tisa. Alipoivaa, tano. Aligeuza ndoo ya kusafishia, akaikalia, na nasikia hakuinuka kwa muda mrefu.

Aliyekuwa akihesabu nukta zile ni yeye. Alijua nyama iko wapi, jicho lake likaenda huko kabla ya kuachia kamba, na mbwa hufuata macho ya binadamu kwa namna ambayo wanyama wachache sana wanaiweza. Kile kichwa walichogeuza kila mara, ambacho wataalamu wetu waliandika kuwa ni adabu, kilikuwa kusoma jibu.

Angeweza kukaa kimya. Macho yangepona, miwani ingerudi kwenye mkoba, na mkataba wake wa muda ungeongezwa pamoja na utafiti ule. Yeye alipiga moyo konde, akapanda hadi ofisini, na hakumung'unya maneno. “Mkuu,” alisema, “hatujui kama mbwa wanahesabu. Mimi nahesabu, na wao wananisoma mimi.”

Mkuu hakumsemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi alishuka chumba namba tatu, akaazima miwani, akashika kamba kwa mkono wake mwenyewe, mara kumi. Wakapatia tano. Ripoti ikaondolewa na suti ikarudi kabatini. Ilitoka miaka miwili baadaye, alipokwenda kusoma ripoti nyingine, ile ya jinsi mbwa wanavyosoma nyuso zetu, ambayo ndiyo iliyotufanya tujulikane. Mkataba wa Mzee ukawa wa kudumu. Na ukutani, pale juu ya swichi, ikabandikwa kanuni ambayo kila mgeni huicheka siku ya kwanza: mshika kamba atavaa miwani nyeusi, na hataambiwa nyama iko wapi.

Mimi niliicheka. Nilikuja na shahada bado ina harufu ya wino, nikaona hayo ni mambo ya kizamani. Nilipewa kazi ya kukaa kwenye kona na kuandika matokeo, na kwenye jaribio la nne Mzee alisimamisha kila kitu na kunitoa nje kwa upole. Alinieleza kwamba nilikuwa nalitabasamia bakuli la kushoto. Nikabisha kwamba sikutabasamu. Akaniuliza kama nyama ilikuwa kushoto. Ilikuwa kushoto. Tangu siku hiyo nimeandika matokeo nikiwa nimeuelekea ukuta, na wanafunzi wangu nao pia.

Dereva wetu naye ana hadithi yake, na amenipa ruhusa. Alipoteza mkate wake na mayai ya kuchemsha, akamkuta mbwa mmoja ameinamisha kichwa, masikio yamelala, macho pembeni. Dereva akatoa hukumu papo hapo. Mzee aliwaita wote wawili, akamtaka dereva amkaripie mbwa mwingine ambaye asubuhi nzima alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha mizani. Na yule naye akainamisha kichwa na kulaza masikio. Uchunguzi umeonyesha hivyo mara kwa mara: sura ile tunayoiita ya hatia humjia mbwa anapogombezwa, awe ametenda kosa au hakutenda. Mkate na mayai yake vilipatikana jioni chini ya kiti cha gari. Dereva alimwomba mbwa radhi kwa kumpeleka matembezini, akamwacha anuse kila nguzo kwa muda aliotaka mwenyewe.

Kwenye afya ya mbwa Mzee Miwani hana masihara. Mizani ya kituo ameisimamia kama imamu anavyosimamia safu. Tunajua sasa kwamba mbwa anayelishwa kwa kipimo, akabaki mwembamba kidogo, kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi na viungo vyake huchelewa kuuma. Kila mfadhili, kila mwanafunzi na kila waziri aliyepita hapa na biskuti mfukoni ameambiwa hivyo uso kwa uso. Amepiga mswaki meno ya mbwa mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Miaka mitatu iliyopita aliniambia Kisigino amebadilika, kwamba anasimama upande wa bawaba za mlango badala ya upande unaofunguka. Nilimwambia ni uzee tu. Akaniuliza nimejuaje. Nikampima, na ikawa ni mwanzo wa ule upotevu wa kumbukumbu unaowapata mbwa wazee kama unavyotupata sisi. Kwa kuwa tuliuona mapema, tumempa michezo ya kunusa, mwendo wa kila siku na ratiba isiyobadilika, na hadi leo anaujua mlango wake.

Sasa nirudi pale pa mzee kuondoka na mbwa kubaki. Mwezi wa tatu niliingia chumba cha mizani bila kubisha hodi. Mzee alikuwa amepiga magoti, anamweleza Kisigino, taratibu, kama unavyomweleza bibi aliyelazwa, kwamba baada ya mwezi wa sita bakuli lake litaletwa na mtu mwingine. Nilimwambia aombe mbwa huyu aende naye nyumbani, mimi nitatia sahihi. Alikataa. “Binti yangu,” alisema, “mimi ndiye niliyewanyima watu suti zao kwa sababu ya kanuni. Siwezi kuivunja siku ninayotoka kwa sababu roho inaniuma.” Na roho ilikuwa inamuuma. Nimemjua miaka kumi na minane na sijawahi kumwona akikosa pa kuweka mikono.

Nilitoka pale nikiwa na hasira, si kwake, bali kwa kanuni. Kisha nikajiuliza lile swali lake: nimejuaje? Kanuni inasema mbwa asihamishwe ili mazingira yake yasibadilike. Je, mazingira ya Kisigino ni kuta, au ni mtu? Hilo linapimika. Kamera ya banda imekuwa ikirekodi miaka yote, na kila mwaka Mzee huchukua likizo ya wiki tatu. Nilikata vipande sitini vya mchana, vingine vya wiki alizokuwepo na vingine vya wiki za likizo, nikahakikisha yeye mwenyewe haonekani hata kimoja, nikavichanganya na kuvipa namba. Nikampa dada wa mapokezi, ambaye anaogopa mbwa na hajawahi kukanyaga bandani, ahesabu: chakula kilichobaki, dakika za kulala, mara ngapi mbwa kaenda mlangoni. Sikumwambia natafuta nini.

Alirudi baada ya siku nne akiwa na karatasi zake na uso uliobadilika. “Daktari, sijui hizi ni wiki gani,” alisema, “lakini kwenye baadhi ya hivi vipande kuna mtu huyu mbwa anamngoja.”

Tulifungua orodha ya namba pamoja. Kwenye wiki za likizo Kisigino aliacha karibu nusu ya chakula, alilala vipande vipande, na alikwenda mlangoni mara nne zaidi. Mbwa mmoja si ushahidi wa mbwa wote, nalijua hilo, lakini hatukuwa tunauliza habari za mbwa wote. Nilipeleka karatasi kwenye kamati ya ustawi wa wanyama. Mkuu wetu wa sasa alizisoma mara mbili, akauliza nani alihesabu na kama alijua, na nilipojibu akaitisha kikao.

Kisha nikaenda kwa mke wa Mzee, fundi cherehani, ambaye ameshona mikanda ya miwani ile mara saba kwa hesabu yake. Nilimwamkia, nikamweleza, nikangoja anitajie manyoya na nguo za wateja. Alikata uzi kwanza. “Huyo mbwa amekaa na mume wangu saa nyingi kuliko mimi,” alisema. “Mleteni, na mimi nimfahamu.”

Kamati ilikata kauli Jumatatu iliyopita.

Na hapa, Mzee, naacha kuwasimulia wenzetu, nakugeukia wewe, maana najua karatasi hii umeishika karibu na pua na umeanza kugeuza kichwa. Tangu Jumatatu umekuwa ukituuliza kwa nini kituo kizima, kuanzia mkuu hadi dereva, kinatembea na miwani nyeusi hata kwenye korido isiyo na dirisha. Tulikujibu kwamba ni utani wa kukuaga. Tulikudanganya. Miaka thelathini na mmoja na mbwa imekufundisha kusoma nyuso kama wao, na mmoja wetu angekutazama tu ungejua. Safari hii sisi ndio tuliojua nyama iko wapi, na wewe ndiye uliyeshikwa kamba. Tuliifuata kanuni yako vizuri, sivyo?

Kisigino yuko chumba namba tatu, ameshapimwa, kilo kumi na saba na nusu. Karatasi zake zina jina lako na mtaa wako. Masharti ni mawili: apimwe uzito mara moja kwa mwezi, nami nitakuja na mizani mwenyewe, na ratiba yake isibadilike, maana ratiba yake ni wewe.

Asante kwa ile ndoo uliyoikalia, na kwa ngazi ulizozipanda baada ya kuinuka. Asante kwa kunitoa nje siku yangu ya kwanza. Tuna vijana ishirini wanaouliza “umejuaje?” kabla ya kufungua daftari, na hao wote ni kazi ya mikono yako. Tutakukumbuka, na baadhi yetu tumeanza kukukumbuka kabla hujaondoka.

Sasa weka karatasi hii chini. Dereva atafungua mlango, upande unaofunguka. Hakuna mabakuli, hakuna nukta, hakuna anayeandika kitu. Vua miwani, Mzee, umtazame. Kisha nendeni nyumbani mkiwa na afya, mle kwa kipimo, mtembee kila siku, mzeeke polepole. Kila la heri kwenu nyote watatu.