Veneranda Aliyetaka Kulala Chali

Baba Paroko, wazee wetu, wakwe zetu wa Kidahwe, ndugu zetu wa Mwamgongo mlioshuka Kibirizi na boti ya asubuhi, na majirani wa Buzebazeba ambao tangu Jumanne hamjaacha moto wa msiba huu uzimike, poleni sana. Mimi ni Feliksi Gervasi, mdogo wake marehemu, tuliyefuatana kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Baadhi ya wazee wameniomba nisome kwa kifupi, na nikifika kwenye habari za upasuaji nipite haraka, nami nimewajibu kwa heshima kwamba hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu chini ya turubai hili inanong'onwa kwamba dada yangu ameuawa na vyuma alivyowekwa mgongoni, na yupo binti amekaa mkeka wa mbele, anasikia kila kinachonong'onwa, naye mgongo wake umepinda kama wa mama yake, na tarehe 9 Machi anatakiwa kulazwa Dar es Salaam kwa upasuaji kama huo. Binti huyo ni Iradukunda, mtoto wa marehemu, ana miaka ishirini na mitatu, na ameniruhusu mwenyewe nimtaje. Tangu juzi anasema hajui tena kama atakwenda.

Marehemu Veneranda Gervasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Mwamgongo, mtoto wa tatu wa Mzee Gervasi, mvuvi, na Mama Agnesi, mkulima wa mihogo. Mama yetu alikuwa na kibiongo, wenyeji wa Mwamgongo mnamkumbuka, na sisi watoto tulidhani ni uzee, kumbe alikuwa hajafika hata miaka arobaini.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Mwamgongo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na alipofika darasa la tano gauni lake la shule lilianza kupanda upande mmoja, mama akatengua pindo akalishona upya ili lionekane sawa, baada ya miezi michache likapanda tena, akalitengua tena, na baba alimkuta siku moja ameshika sindano analia. Watu wakasema ni ndoo za maji, basi Veneranda akakatazwa kubeba maji, mimi mvulana nikapewa ndoo yake kichwani, jambo ambalo vijana wenzangu walinicheka nalo mpaka nikachoka, na mgongo ukaendelea kupinda kama kawaida. Haukuwa na habari na ndoo zetu.

Mama Agnesi alifariki tarehe 2 Julai 1989, na hapa naomba mnivumilie, maana bila jambo hili hamtamwelewa dada yangu. Fundi alichonga jeneza kwa kupima urefu tu, kama alivyozoea, na mama alipolazwa ndani kifuniko kikakataa kukaa, wanaume wawili wakakiwekea magoti wakakandamiza, na Veneranda, msichana wa miaka kumi na minane ambaye mgongo wake tayari ulikuwa kama wa mama, alikuwa amesimama nyuma ya pazia anasikia. Mwishowe walimgeuza mama wakamlaza ubavu, akazikwa hivyo. Dada aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hakuogopa kufa hata siku moja, aliogopa magoti yale.

Mwaka 1990 alihamia Kigoma mjini na kuanza kazi ya kuanika dagaa pale mwaloni Kibirizi, ufukweni boti za uvuvi zinaposhushia, kazi ya kuinama tangu jua linapochomoza, na kulikuwa na watu waliomwambia usoni kwamba kazi hiyo inamfaa kwa kuwa kuinama ameshainama, naye alicheka nao, akawazidi, akawa na chanja zake mwenyewe za kuanikia na akina mama aliowaajiri, ambao leo wamejaa hapa. Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa takatifu na Bwana Yohani Manariyo, wa familia iliyotoka Burundi mwaka 1972 na kujenga maisha yake Kidahwe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ciza, aliyezaliwa mwaka 1999, na Iradukunda, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2002. Shemeji Yohani, ulimpenda dada yetu alivyokuwa, na hilo hatutalisahau.

Kufikia mwaka 2017 maumivu yalikuwa yamemzidi, alilala ameketi akiegemea magunia, akitembea aliona vidole vyake vya miguu na viatu vya watu, na alipozungumza na mtu alimgeuzia shingo upande ili amwone uso. Hapo ndipo akapelekwa kwa daktari bingwa wa mifupa Dar es Salaam, na daktari yule hakumficha, alimwambia kwamba kati ya wagonjwa kumi wa umri wake aliowanyoosha, wanne walipata tatizo, wengine usaha, wengine vyuma kukatika, wengine walirudi mezani mara ya pili, na wengi wa wote hao, hata waliorudi mezani, walisema maumivu yamepungua na wangekubali tena. Sisi ndugu tulikaa kikao hapa Buzebazeba, tukabishana mpaka chai ikapoa, mwenye kulia akalia, naye alitusikiliza, kisha akasema maneno ambayo kila aliyekuwepo anayakumbuka, "Ninyi mnaogopa nitakufa, mimi naogopa nitazikwaje."

Alifanyiwa upasuaji tarehe 17 Mei 2018, akaingia asubuhi na kutoka jioni, na sisi tuliokuwa kwenye benchi nje hatukutazamana siku nzima, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaanza moyoni kupanga namna ya kuwaambia wengine. Alifungwa vyuma viwili virefu kwa skrubu kando ya uti wa mgongo. Wiki ya tatu kidonda kikatoa usaha, akaoshwa, akachomwa sindano hadi mishipa ikakataa, na tulimwona akikonda tukasema basi, tumemuua wenyewe. Hakufa. Mwezi Agosti alishuka kwenye treni hapa Kigoma amesimama, akanitazama machoni, mimi niliyezoea kuinama kumtafuta uso. Usiku wake wa kwanza nyumbani alilala chali kitandani, akamwita Iradukunda aje amwone, wakacheka wawili hao kama watoto.

Sasa nafika Kidahwe. Kwetu Waha, na kwa ndugu zetu wa Burundi vilevile, mwanamke hamwamkii mkubwa wake akiwa wima, hupiga magoti, akainama, akapiga makofi taratibu, na mgongo wenye vyuma haukunjiki. Dada alipokwenda ukweni akawaamkia akiwa wima, ikasemwa kwamba chuma kimempandisha kichwa, naye maneno yakamchoma. Basi tarehe 10 Oktoba 2020, kwenye sherehe ya posa, wifi yake mkubwa, Mama Anésie, alipoingia uani, Veneranda alipiga magoti akajilazimisha kuinama, na watu wa karibu wakasikia kitu kikilia mwilini mwake, akabaki palepale chini, hawezi kunyanyuka. Chuma kimoja kilikuwa kimekatika.

Mama Anésie yupo hapa, na namheshimu, kwa sababu ndiye aliyempandisha garini siku ile, ndiye aliyesafiri naye Dar es Salaam, ndiye aliyemwogesha na kumlisha alipopasuliwa mara ya pili tarehe 14 Januari 2021. Lakini ndiye pia ambaye tangu Jumanne anamshika Iradukunda mkono na kumwambia, "Mwana wanje, mwanangu, usiende, vyuma vimemmaliza mama yako," na mimi nadhani najua kwa nini. Mama Anésie, sikiliza, nasema mbele ya watu wote ili usiambiwe tena pembeni. Nilikuwepo daktari alipotuonyesha picha, akaweka kidole mahali ambapo mfupa ulikuwa haujaunga, akasema chuma kinachobeba uzito peke yake huchoka, na kile kilikuwa kimeshachoka miezi mingi, kingekatikia kitandani, kingekatikia sokoni. Salamu yako haikukivunja. Dada alijua hivyo, na alikufa anakupenda.

Baada ya upasuaji wa pili mfupa uliunga vizuri, akarudi Kibirizi, hakuinama tena ila alisimamia chanja zake akiwa na kofia na kelele zake, na miaka ile karibu minne alisema ndiyo miaka yake mizuri. Mwanzoni mwa mwaka 2025 pumzi ikaanza kukata, akipanda mwinuko kidogo tu anasimama, tukadhani vyuma, sote tulidhani vyuma. Madaktari wakapiga picha wakakuta vyuma vimekaa imara na mfupa umeshika, tatizo ni mapafu, yaliyobanwa na kifua kilichopinda tangu akiwa msichana, na wakatueleza kwamba upasuaji ule ulinyoosha mgongo, ukapunguza maumivu, lakini mapafu yaliyokwisha kunywea kwa miaka zaidi ya thelathini hauwezi kuyarudisha. Alilazwa mara mbili, akapata homa ya mapafu, na siku ya Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Kwa hiyo wanaonong'ona wakitaka kujua kilichomuua, ni hicho, hakuuawa na vyuma wala na mtu yeyote aliyeketi hapa, ameuawa na mgongo ulioachwa upinde miaka mingi kwa sababu hatukujua na hatukuwa na pa kumpeleka. Inaniuma kusema hivyo, maana angepasuliwa akiwa na umri wa Iradukunda huenda leo tungekuwa mwaloni tunagombana naye bei ya dagaa. Siku ya Jumapili, akiwa hospitalini, aliniomba nisimlazimishe binti yake kwenda wala kubaki, nimwambie tu ukweli wote, usaha, chuma kilichokatika, na ule usiku wa kwanza wa kulala chali, kisha nimwache aamue akiwa ameshayaona kwa macho yake. Ukweli nimeshausoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kigoma na Dar es Salaam, waliompasua na waliomsaidia kupumua mpaka mwisho, akina mama wa mwaloni Kibirizi ambao walifunga kazi wakaja kupika, Jumuiya Ndogondogo ya hapa mtaani, majirani, wakwe zetu wa Kidahwe, na ndugu wa Mwamgongo mnaorudi leo naye kumlaza karibu na mama yetu. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, mtuwie radhi.

Kabla ya wengine kuaga, naomba wapite kwanza watu wawili, Mama Anésie na Iradukunda, mkishikana mikono. Jeneza hili ni la kawaida, fundi amepima urefu tu, kifuniko kimewekwa leo asubuhi kwa mkono mmoja na hakuna aliyekigandamiza, nimekifungua mwenyewe ili mwone. Iradukunda, mwangalie mama yako alivyolala.

Veneranda, dada yangu, mgongo chini, uso juu, pumzika kwa amani.