Nashon Olwande, Fundi wa Lifti (1933–1976)

Marehemu Nashon Olwande alizaliwa tarehe 3 Mei 1933 kijijini Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Zedekiah Olwande na Mama Saline. Mamake alizoea kusimulia kwamba Nashon akitumwa kusagisha mahindi hakurudi upesi. Aliketi mbele ya kinu, macho yakifuata ule mkanda mrefu uliounganisha gurudumu kubwa na dogo, mpaka unga ukamfanya mweupe kama mzimu. Akiulizwa alikuwa akifanya nini, alijibu, "Nilikuwa nazunguka."

Alisoma shule ya misheni kijijini hadi darasa la nane, mwaka 1949. Karo ya kuendelea haikupatikana, naye hakulalamika. Alijifunza ufundi wa umeme katika karakana moja mjini Kisumu.

Mwaka 1961 aliajiriwa Nairobi na kampuni iliyotunza lifti za majengo ya katikati ya mji. Alipenda kusimama juu ya paa la lifti, ndani ya lile shimo refu lenye giza, akipanda polepole huku vyuma vizito vikimpita vikishuka. Vyuma hivyo vilifungwa upande wa pili wa kamba ili vibebe sehemu kubwa ya uzito, mota isitaabike. Wenzake walisema akiwa mle ndani hakuzungumza. Alitabasamu tu, kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

Katika jengo mojawapo, ghorofa ya sita, alifanya kazi Peres, binti wa kupokea simu. Peres hakupanda lifti kamwe. Kaka yake alikufa kisimani kamba ilipokatika, naye aliona kwa macho yake. Kila asubuhi alipanda ngazi, na Nashon alipomsalimu alimjibu bila kusimama.

Siku moja mwezi wa Juni 1964, Peres alikuwa ameteguka mguu. Akajikaza, akaingia kwenye lifti peke yake. Ilipopita tu ghorofa ya nne, stima ikapotea mji mzima, taa zikazimika na lifti ikakwama.

Nashon alipanda ngazi mbio, akaweka mdomo kwenye mlango wa chuma.

"Dada Peres, ni mimi, fundi."

"Kamba inakatika!"

"Haijakatika. Tena si moja, ziko tano."

"Na zikikatika zote?"

"Hata hapo hutafika mbali. Chini ya miguu yako kuna taya za chuma. Lifti ikianza tu kuanguka kwa kasi, kasi hiyo hiyo ndiyo inayozivuta ziume reli za ukutani."

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Basi nishushe. Nataka kukanyaga chini."

"Ghorofa ya nne ni karibu, lakini kushuka ni kugumu. Lifti ikiwa na wewe peke yako ni nyepesi kuliko vyuma vilivyofungwa upande wa pili wa kamba. Nikiachia breki kidogo, vyenyewe vitataka kushuka, na wewe utapanda. Funga macho. Hutasikia chochote."

"Usiende!"

"Nikikaa hapa, nani atazungusha gurudumu?"

Alikwenda kwenye chumba cha mitambo juu ya paa, akaachia breki kidogo kidogo huku akizungusha gurudumu kwa mikono. Peres alisimulia baadaye kwamba hakuhisi kuvutwa wala kusukumwa. Alikuwa gizani, viatu mkononi, akielea kama mtu anayeota anaruka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule alimuona kaka yake akicheka. Mlango ulipofunguliwa ghorofa ya tano, alikuwa analia, na hakutaka kutoka.

"Kesho nitapanda tena," akamwambia Nashon. "Lakini na wewe."

Walifunga ndoa kanisani Kawangware, Jumamosi tarehe 11 Desemba 1965, wakajenga nyumba yao Kabiria. Mungu akawajalia watoto wawili. Jumapili jioni Nashon aliwapeleka mjini, wakasimama juu ya paa la jengo lile kutazama miti ya Kileleshwa ikimezwa na ukungu.

Mapema mwaka 1975 alianza kukosa pumzi. Madaktari walisema moyo wake ulikuwa umepanuka, wakamkataza kupanda ngazi na kubeba vyombo vizito. Aliacha kazi. Mchana aliketi kwenye kiti mlangoni, akilala na kuamka, akiwaeleza watoto alichokiona usingizini kana kwamba alikuwa ametoka safari.

Jumapili tarehe 14 Machi 1976, baada ya ibada, alimwomba Peres amshike mkono. Alilala, na hakuamka tena.

Ameacha mama yake, Mama Saline. Mjane wake, Peres. Watoto wake, Philister na Haron. Na mmoja ambaye bado hajazaliwa. Kila asubuhi marehemu aliweka sikio kwenye tumbo la mkewe, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu yuko njiani."

Lala salama, Nashon. Amani ya Bwana ikufunike.