Historia ya Marehemu Kavutha Musili, Aliyeuza Bia Bila Kuisifu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu kutoka Nguni, majirani wa Galbet mlioketi upande ule wa kivuli, Bwana asifiwe na asalaam aleikum, mimi ni Kithome, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu. Kabla sijaanza niseme wazi kwamba kamati ya mazishi ilituomba tuandike kuwa mama alikuwa "mfanyabiashara" na tuishie hapo, tukalizungumza jambo hilo nyumbani kwa heshima, tukaona kwamba mtu ambaye hakuwahi kumficha mteja chochote haiwezekani tumfiche yeye siku ya kumzika, kwa hiyo mchungaji atuwie radhi, mama aliuza bia.

Marehemu Kavutha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 huko Nguni, Mwingi, akiwa mtoto wa nne wa mzee Nzau na Mama Syombua, wote marehemu, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili mwaka 1978, ada ilipowashinda wazazi akarudi nyumbani bila kinyongo, ingawa hadi uzeeni hakutupa gazeti lililofungiwa nyama kabla ya kulisoma pande zote.

Mwaka 1986 alikuja hapa Garissa kupikia watumishi wa serikali, akakutana na baba yetu, Musili, fundi wa pampu za maji, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1988, Ndinda mwaka 1991 na Mumo mwaka 1995. Baba alitutangulia tarehe 17 Juni 2009, na tangu siku hiyo mama akawa ndiye baba.

Mwaka 1993 alikabidhiwa kantini ya watumishi, na hapo ndipo jina lake lilipovuma. Mwaka 2004, kwa ajili ya wageni wa mashirika waliokuwa wakipita kwenda kambi za wakimbizi, kamati ya kantini iliagiza bia ya makopo kutoka Uingereza, yenye rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, ambayo huko kwao huuzwa kila duka na kunywewa na kila mtu, na wateja wakaibatiza Mwingereza. Mama hakukufungulia kopo la Mwingereza kabla hajakusimulia, kwa kichwa tu, waliokutangulia walisema nini, kwamba afisa wa mifugo alisema ni mwarobaini uliotiwa povu, kwamba mwalimu wa hesabu kutoka Kisii alisema inawafaa watu wa ukungu, si watu wa jua hili, kwamba karani wa mahakama alisema hailewishi ila inachosha, kwamba Mwingereza wa kweli, siku stima ilipopotea na friji ikalala, alisema kwao haipozwi sana lakini hii sasa ni supu, na kwamba mhandisi aliyesomea Leeds alisema hii si bia ya mabwana, ni ya madereva wa basi, kisha akanywa mbili huku machozi yakimlengalenga kwa kukumbuka ujana. Ukishasikia yote hayo na bado ukaitaka, ndipo alipofungua.

Mwaka 2011 mwenyekiti mpya wa kamati alikuta makopo yamerundikana stoo, akamwita mama akamwambia aisifu bia au aache kazi, naye, akiwa mjane mwenye watoto watatu masomoni, akajibu kwamba ameajiriwa kuuza kinywaji, ulimi wake hauuzwi, akarudi kaunta kungoja kufukuzwa. Habari ikaenea kambi nzima ya watumishi, watu wakaanza kuja kuonja wenyewe, kila mmoja akitaka kuacha neno lake, stoo ikawa tupu, na mwenyekiti huyo huyo akawa analeta wageni wake kumsikiliza mama. Hadi anastaafu mwaka 2022 hakuna aliyemgusa tena, na jambo hili tunalisema vifua mbele.

Nyumbani Galbet, mzee Sugow alimpangisha nyumba kwa sharti moja, kwamba pombe isivuke lango, na haikuvuka hata siku moja. Jirani yetu Nurto, muuza maziwa ya ngamia, ambaye midomo yake haijui bia, alikuwa akimngoja jioni apate habari za siku, na alisema, "Mama Kithome, watu ya serikali nakunywa kitu habendi, kesho narudi, na mimi nikiweka maji kidogo kwa maziwa, soko yote nanikimbia." Miaka ile ya hofu ya mashambulizi, wenzetu wengi wa bara walipohama, ni Nurto huyu aliyetandika mkeka mlangoni petu, akamwambia kila aliyeuliza kwamba humu ndani yumo walaashay, yaani dada yake, na mama hakuhama.

Mama alianza kuugua figo mwaka 2023, akatibiwa hospitali ya rufaa hapa mjini, na tarehe 3 Machi 2025, Jumatatu alfajiri, akafariki akiwa na umri wa miaka 62, ameacha watoto watatu na wajukuu wanne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, wafanyakazi wenzake wa kantini, wateja wake mliosafiri kutoka mlikohamishiwa, kanisa, mzee Sugow, na Nurto, ambaye tangu Jumatatu hajauza maziwa, anawagawia waombolezaji.

Watu wengi walitoa maoni yao juu ya Mwingereza, na mama aliyabeba yote kwa uaminifu, machungu na matamu, ila hakuna aliyewahi kutuuliza sisi. Ndinda alisomea uuguzi kwa bia ile, Mumo alijengwa nayo hadi akawa mwalimu, mimi nilivaa viatu vilivyonunuliwa nayo tangu kidato cha kwanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionja. Maoni yetu ni haya, na tunaomba nayo yasimuliwe. Ilikuwa tamu, Mama. Sasa pumzika kwa amani.