Ski za Mkwe

Mmenivutia kiti, ahsanteni sana, lakini leo nitasimama. Mama zangu na dada zangu, mnanijua: mimi mjane kutoka Pemba, nakaa hapa hapa Edmonton, London, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani mwao. Nimesikia kikundi chetu kinawapeleka watoto kwenye theluji likizo hii, na baadhi yenu mnafuatana nao. Ndiyo maana nimeomba kusema.

Mimi nilikwishakwenda. Binti yangu ameolewa Stanmore, kwa Wahindi Waislamu wa asili ya Mombasa, na watu hao kila mwaka hupanda milima ya Ufaransa kuteleza. Mwaka niliofiwa na mume wangu wakanichukua, nisibaki peke yangu na simanzi. Mama wa mume wa binti yangu, ambaye tunaitana mkwe, akaniletea ski zake za zamani, zile mbao ndefu za kutelezea, pamoja na mabuti yake. Alikuwa kayafuta mpaka yanang'aa.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa letu sote. Kwetu, kitu cha mkwe hakikaguliwi. Ukikipeleka kwa fundi umeshamwambia ni kibovu. Mabuti yalinipwaya, nikavaa soksi mbili za sufu nikamwambia yamenikaa barabara. Na kile kibano kinachoshika buti kwenye ski hukazwa kufuata uzito wa mtu na ujuzi wake, ili ukianguka kifyatuke, mguu usalimike. Mkwe ni mkubwa wa mwili, na anateleza tangu usichana wake. Kibano kilikazwa kwa ajili yake, mimi nikakivaa vivyo hivyo.

Asubuhi mlima ulikuwa umeganda, mgumu kama sakafu. Mwalimu wa kuteleza alinifundisha kukaribianisha ncha za mbele za ski na kutanua nyuma ili nipunguze mwendo, na kuegemeza muundi wa mguu kwenye ulimi wa buti. Nakwambieni, woga hukuvuta nyuma, na ukikaa nyuma ski hazikusikii tena. Alasiri jua lilishailainisha theluji, ikawa nzito kama uji uliosahauliwa jikoni. Nilikuwa hoi, ila niliona haya kusema. Nikaegemea nyuma, ski moja ikazama, mwili ukageuka, mguu ukabaki. Kibano hakikufyatuka, goti likateguka.

Binti yangu, ambaye namsemesha Kiswahili tangu azaliwe naye hunijibu Kiingereza, alipiga magoti kwenye theluji akanishika mkono. Akasema kwa Kiswahili, "Mama, usinyanyuke. Niko hapa." Nililia kwa maneno yale kuliko kwa goti.

Nilipasuliwa, nikakaa miezi bila kazi. Lakini ndugu zangu, kilichonivunja ni sala. Nilisali kitini, na dini imeruhusu, sibishi. Ila mume wangu nilikuwa nikimwombea kwenye sijida, paji la uso likiwa chini, na hapo ndipo nilipoweza kumlilia Mola wangu. Kitini machozi hayakuja. Nikakata tamaa, mazoezi ya goti niliyopewa na physio, mtaalamu wa viungo, nikayaacha. Mkwe nilimwambia nimeanguka kwa uzembe wangu, kisha nikawa sipokei simu zake.

Siku moja akaja bila kualikwa, amebeba sufuria la pilau. Akanikuta nasali kitini. Alingoja mpaka nikatoa salamu, akaniuliza kama ski zilifunguka nilipoanguka. Nikalifunika goti kwa kanga, naye akaelewa.

"Kwa nini hukuniuliza, mkwe?"

"Niliona haya."

"Na mimi niliona haya kukuuliza uzito wako," akasema, na akaanza kulia.

Tulilia wote wawili, pilau likapoa. Kisha akajishusha kwenye zulia, akataka nimwonyeshe hayo mazoezi. Tangu siku ile kila wiki alikuja, tukikunja magoti pamoja, yeye akilalamika kuliko mimi mgonjwa. Mpaka adhuhuri moja nikajaribu kushuka, polepole, na paji la uso wangu likagusa mswala. Sikuinuka upesi. Nilikuwa na mengi ya kusema, na machozi yalikuja.

Nawashukuru binti yangu, yule physio aliyenivumilia, na nyinyi mlionipikia. Na mkwe yule pale nyuma, anayejificha kwa mtandio. Allah amlipe.

Basi mkifika huko, mabuti yakae mguuni kwa soksi moja nyembamba. Theluji ikianza kuwa nzito na miguu imechoka, semeni mmechoka, mteremke na lifti ya mlimani. Na cha kuazima kipelekwe kwa fundi mbele ya mwenyewe, hata awe mkwe. Ski zile ziko nje kwenye gari lake, amekuja nazo aziazimishe tena. Anayezitaka atufuate duka la ski, fundi avikaze vibano upya, na huko ataulizwa uzito, aseme kweli. Msione haya, naanza mimi: kilo themanini na mbili.