Kopo la Tano

Kijiwe cha Mchinga kinatazamana na kituo cha mabasi madogo ya Lindi. Ukikihesabu vizuri ni benchi moja lenye mguu uliofungwa waya, jiko la mkaa la Shaaban muuza kahawa, na makopo matano ya maziwa ya unga yaliyopangwa chini ya benchi. Makopo ni ya Abdulrazak, fundi wa mashine ya barafu, ambaye watu wote humwita Japani. Ndani mna kadi alizozikata kwenye maboksi ya sabuni: upande mmoja ameandika kanji, zile herufi za Kijapani zilizosongamana kama kichaka, na upande wa pili maana yake. Kadi mpya inaanzia kopo la kwanza na inaulizwa kila siku. Akiijua, inapanda kopo la pili, na hivyo hivyo mpaka la tano, la zile zilizokwisha kukaa kichwani. Akiisahau, hata kama imefika la nne, inarudi la kwanza. Jumapili atafanya mtihani Dar es Salaam kwa mara ya tatu. Akifaulu, atapelekwa Japani mwaka mzima kusomea majokofu ya samaki. Akifeli, mwakani anatimiza arobaini, na wenye arobaini hawapokelewi.

Alhamisi hiyo, baada ya Alasiri, alikuja ameinamisha mabega. Mashine ya barafu ilikuwa imemkesheza tena. Shaaban alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

— Vipi, Japani? Unasafiri lini?

— Kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Mwili ndio huu, kaka. Nikifumba macho naona vijiti tu.

— Kosa lako unazimeza nzima nzima, alisema Francis. Huyu alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa Rondo, jina lake la kijiweni Gia. — Herufi inashushwa kama injini. Hiki kipande maji, hiki samaki. Ukivijua vipuri, umejua chombo.

— Nimeshusha, Gia. Kuirudishia ndiyo kazi. Kila nikifunga, kinabaki kijiti kimoja mkononi.

— Kibaki! Mimi pikipiki ngapi zimebakiza nati na zinatembea?

— Ya Issa ilitembea mpaka wapi? aliuliza Yahya.

— Ya Issa usiitaje.

Yahya aliitwa Ustadhi kwa sababu ya kofia yake na udi anaojifukiza. Chuo cha Kurani aliishia njiani, na hakuwahi kuficha hilo.

— Sisi tulipokuwa wadogo tuliimba, alisema. Maana hatukuijua, lakini mpaka leo ukiniamsha usingizini nasoma. Aimbe.

— Huko hawataki uimbe, Ustadhi. Wanakuonyesha herufi, wanataka maana.

— Basi kombe. Zafarani, sahani nyeupe, unaziandika zote, unaziosha kwa maji ya marashi, unakunywa. Asubuhi ziko damuni.

— Astaghfirullah, alisema Shaaban. Kombe la Kijapani?

— Dawa ni nia.

— Na tumbo likimkataa njiani, Gia alisema, silabasi nzima anaiacha Somanga. Sikieni. Shemeji Maimuna, mkewe, si anachora piko? Amchore herufi mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko. Anaingia nazo.

— Msimamizi akiuliza mwanamume na piko wapi na wapi?

— Ni bwana harusi, hajaoga.

Abdulrazak alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayetimiza adabu. Gia akaona njia.

— Au mbuzi. Mbuzi wa mtaa huu wote, kila mmoja herufi ubavuni. Unakwenda kazini, unasoma. Unarudi, unasoma.

— Na Idi ikifika?

— Ikifika Idi umefeli.

Shaaban hakucheka. Alikuwa akiyatazama makopo. Masika yaliyopita alimkuta Abdulrazak amekaa peke yake, kopo la kwanza limejaa mpaka kadi zinamwagika, ameegemeza paji la uso kwenye ukingo wake kama mtu anayenusa chakula kilichochacha. Siku hiyo, fundi alipoitwa kwenye mashine, Shaaban alichota kadi kumi za kopo la kwanza akazitia la tano. Kesho yake nane. Abdulrazak alirudi, akaona kopo limepungua, akanyanyua kichwa. Tangu hapo Shaaban hakuweza kuacha. Alijiambia ni kama kumwongezea mgonjwa sukari kwenye uji.

— Hodi hapa. Shikamooni.

Mwanamke mwenye mkoba wa nguo na kikapu cha mihogo aliweka mizigo chini. Walimpisha kwenye benchi.

— Marahaba, bibie. Unangoja la Lindi?

— La Lindi. Naitwa Rosalia, nafundisha darasa la kwanza huko Rondo. Naona kadi. Za nani?

Abdulrazak alimweleza yote, kopo kwa kopo, na alipofika la tano sauti yake ilipata nguvu kidogo.

— Humu zimo mia nne. Hizi sizigusi tena mpaka Jumapili. Zimelala.

— Hongera. Nikuulize moja?

— Uliza yoyote.

Rosalia alichomoa kadi moja, akafunika maana kwa kiganja.

Shaaban aliikumbuka, aliihamisha mwenyewe. Maji, na nukta moja begani.

— Hii... Hii naijua. Imo kopo la tano.

— Sawa. Ni nini?

Basi lilipiga honi kituoni. Hakuna aliyegeuka. Rosalia alingoja kama anavyongoja watoto, kisha akaigeuza.

— Barafu.

Fundi wa barafu aliipokea ile kadi. Kwenye pembe yake palikuwa na alama ya kidole, rangi ya kahawa. Akachomoa ya pili: kidole cheusi cha grisi. Ya tatu haikuwa na alama. Aliinusa, na Shaaban aliyekuwa karibu naye alisikia harufu ya udi wa Yahya. Gia alitazama viatu vyake. Yahya alivua kofia, akaivaa tena. Shaaban alikuwa amedhani yuko peke yake.

— Kwani kadi hizi nani anazihamisha? aliuliza Rosalia.

Kondakta alimwita, naye akachukua mihogo yake na mkoba wake, akaaga kwa upole, akaenda.

Abdulrazak hakumtukana mtu. Alilibeba kopo la tano, akalimimina lote kwenye la kwanza, na kadi zilizokosa nafasi akazikusanya kwenye benchi, taratibu.

— Kahawa ipo?

Shaaban aliinamisha birika. Yalitoka machicha.

— Imekwisha.

— Basi kaa hapa. Niulize wewe.

Shaaban alijifuta vidole kwenye msuli, kimoja kimoja, mpaka vikakauka. Akachukua kadi ya juu, akainyanyua. Abdulrazak aliitazama.

— Siijui.

Mkono wa Shaaban ulisimama hewani. Kopo la tano lilikuwa pale miguuni, wazi, tupu. Akairudisha kadi kopo la kwanza, akanyanyua nyingine.