Mzee Mathayo Namalowe, Aliyefurahia Kushindwa

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mjomba wangu. Naamini angependa tumseme kwa ukweli, hata pale ukweli unapochekesha.

Marehemu Mzee Mathayo Namalowe alizaliwa tarehe 14 Machi 1922 katika kijiji kimoja karibu na Mueda, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Alisoma shule ya misheni, akatoka na Kireno safi pamoja na ubishi ambao walimu walisema si wao waliomfundisha. Mwaka 1949 alifunga ndoa na Modesta, akiwa amevaa suti aliyoitunza maisha yake yote.

Ubishi huo ndio uliomleta kwetu huku. Mwaka 1959 Wareno walikiwekea kijiji chake mkuu mpya, naye akasimama mbele ya watu akauliza, "Nani aliyemchagua?" Askari walipokwenda kumkamata alikuwa ameshavuka mto pamoja na mkewe, mwanawe Josephu na mimi mpwa wake. Tangu hapo alikuwa na haja moja tu: aishi mpaka aone watu wa kwao wakiulizwa nani awaongoze.

Mwaka 1960 alipata kazi ya kuendesha winchi bandarini Mtwara, tukakaa mtaa wa Magomeni, hapo hapo mjini. Jioni alisikiliza redio ya Kireno, kisha habari akazipeleka mtaa wa Chikongola kwa kinyozi Shaibu, rafiki yake wa damu. Septemba 1968 redio ilisema mtawala wa Ureno ameondolewa madarakani kwa sababu ya ugonjwa. Mjomba hakungoja habari iishe. Kitanda alimpa Shaibu, kuku akawagawia majirani, akafunga mizigo ya kurudi kwao. Kumbe mtawala mwingine alikuwa ameshawekwa, na vita vya uhuru huko kwetu vikaendelea kama kawaida.

Shaibu alikirudisha kitanda mwenyewe. "Nakuazima tu, Mzee Mathayo," alisema. "Wareno wakitoka kweli, nitakuja kukichukua." Kuku hawakurudi.

Tarehe 26 Aprili 1974 mjomba aliingia ndani mbio, akasema wanajeshi wa Ureno wenyewe wameipindua serikali yao. Modesta akakaa juu ya kitanda. "Baba Josephu, mimi hapa sibanduki mpaka nisikie kwa mtu mwingine." Haikupita muda akasikia kwa mtaa mzima. Mwaka uliofuata, Wareno walipopiga kura, marehemu aliwaambia wateja wa Shaibu, "Kumbe na wao walikuwa hawaulizwi." Nadhani siku hiyo aliwasamehe kidogo.

Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni 1975, alikwenda kwao. Wanakijiji waliitwa mkutanoni kumchagua mwenyekiti kwa kunyoosha mikono. Mjomba akajitokeza na suti yake ya harusi, akahutubia mpaka watoto wakasinzia. Lakini mama yangu Agnes, dada yake wa tumbo moja, alimnyooshea mkono Mama Sabina, ambaye alibaki kijijini muda wote wa vita.

"Kaka, tunakupenda," mama alimwambia mbele ya watu wote, "lakini wewe umezoea maji ya bomba. Maji yetu yako bondeni, na njia bado zina mabomu. Sabina ndiye anayejua pa kukanyaga."

Mjomba alipata mikono michache, mmojawapo wake mwenyewe.

Alirudi Mtwara kumchukua Modesta ili wakaishi kwao, lakini kabla hawajaondoka moyo ukaanza kumsumbua. Alilazwa hospitali hapa Mtwara Januari 1976 na akafariki dunia tarehe 12 Februari. Tulimpenda sana, na nyumba imepwaya bila sauti yake.

Siku chache kabla hajafariki, Shaibu alikwenda kumwona, na katika mazungumzo akampa pole ya kushindwa. Mjomba alicheka mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha.

"Usinipe pole, Shaibu," alisema. "Mkutano mzima umenikataa mchana kweupe, na jioni kila mtu amelala nyumbani kwake, wala hakuna aliyelazimika kuvuka mto."

Marehemu ameacha mjane, Bibi Modesta, watoto wawili, Josephu na Elizabeta, wajukuu watano, mimi mpwa wake, Stefano, na dada yake Agnes, aliyemnyima kura na ambaye amevuka mto kuja kumzika. Mungu ampumzishe kwa amani.